Turbo Iliamka Fizi

Kwado wa Mboko alilala chali chini ya gari langu, akatoa kichwa, akaniuliza swali ambalo fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, angeona haya kuliuliza: "Papa, hii injini mbona imelala?"

Hakuwa mjinga. Kwado, kwa Wakongo, ni mtu wa matairi, wa pampu na viraka, na siku ile hapakuwa na fundi mwingine karibu. Alikuwa ameingia kutafuta oili inatokea wapi, akakuta injini isiyosimama kama za Toyota zote alizozijua. Nikamweleza kwamba Subaru ndivyo zilivyo, pistoni zake zinarushiana ngumi ubavu kwa ubavu, mbili kushoto na mbili kulia. Akanisikiliza kwa heshima. Kisha akarudi chini, na sauti ikatoka huko: "Basi ndiyo maana imechoka."

Ilikuwa Julai 2019, kiangazi kimekolea. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na Forester yenye turbo kwenda kumwonyesha mjomba wangu. Hilo ndilo lililokuwa kusudi zima la safari, wala sitalipamba. Baba yangu ni mtu wa Kigoma, mama ni Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo, na kaka yake mama ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa magari yenye mbio. Nilitaka auone ulikofikia.

Mjomba alikuwa na Peugeot 404 bashe, ile yenye nafasi ya watu mbele na ya mzigo nyuma. Aliinunua kwa mfanyabiashara wa Uvira mwishoni mwa miaka ya 1970, rangi yake ya kwanza kijivu, ya pili vumbi. Likizo za shule nilivushwa ziwa kwa boti kutoka Kigoma hadi Baraka, na kuanzia hapo mimi na mjomba tulikuwa barabarani: mihogo na mawese kutoka Fizi, ndagala kutoka Baraka, chumvi na sabuni kutoka Uvira. Gia ya 404 haiko sakafuni, iko kwenye shingo ya usukani, na mjomba aliibadilisha kwa vidole viwili kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Mashimo hakuyakwepa yote. Alikuwa anachagua lipi la kuingia, na kwa tairi gani.

Redio ndiyo iliyomharibu na yeye. Alipokuwa kijana alisikia kwenye Radio Tanzania kwamba Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, ameshinda Safari Rally ya 1966 kwa Peugeot 404, na mwaka uliofuata akarudia. Kabla yake alikuwa Nick Nowicki, 1963, kwa gari hilohilo, na Nowicki tena 1968. Mwaka 1963 na 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu kila mara, mengine yote yakabaki kwenye matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Mjomba aliijua hesabu hiyo kama mwingine anavyozijua sura za Biblia. Tukikwama mahali, yeye akisukuma na mimi nikiwa nimeshika usukani ulionizidi ukubwa, alipiga bodi kwa kiganja na kusema: "Saba! Na la kwanza lilikuwa hili!"

Kwa hiyo mtoto aliyekua akiamini kwamba gari la mbio ni lile linalobeba magunia 10 ya mihogo, akifika mjini na kupata mshahara, mnategemea afanye nini?

Mimi nilinunua Starlet. Msicheke. Ilikuwa Glanza V, ya 1997, injini ya 1,300 tu lakini yenye turbo, farasi 135 katika gari ambalo ukiliegemea linasogea. Niliinunua 2009 kwa mkopo wa kazini ambao nilimwambia bosi ni wa bati. Usiku, barabara zikiwa tupu, nilikuwa naikanyaga kwenye gia ya pili na usukani unaanza kunivuta mikono kama mbuzi anayepelekwa asikotaka. Sijapata kuwa na gari lililonichekesha zaidi. Iliungua gasketi mara mbili, na mara ya tatu nikamwachia fundi mwenyewe kufidia deni.

Mwaka 2012 ikaja Altezza, RS200, gia 6, farasi 210 bila turbo, na nguvu zote ziko nyuma. Dashibodi yake ina mishale ndani ya mishale kama saa ya mkononi ya bwana harusi. Altezza haikunichekesha, ilinifundisha adabu. Kwenye kona za Kitonga, mvua ikiwa imetoka kunyesha, mkia ulinitoka ukataka kutangulia mbele, na kwa muda mfupi nikawa naliona bonde la Ruaha kupitia kioo cha pembeni. Gari lilisimama lenyewe, likiwa limeelekea tulikotoka. Mke wangu, aliyekuwa kiti cha abiria, hakusema neno hadi Mikumi. Mikumi akasema tununue gari linaloshika kwa miguu yote minne.

Ndivyo ilivyokuja Forester, 2016: injini ya lita 2 yenye turbo, farasi 220, gia za mkono, miguu minne yote inavuta. Subaru ilishinda Safari 1997 na Colin McRae, ikashinda tena 2000 na Richard Burns, na mimi nilikuwa na haki ya kujiona mrithi wao. Nikaibadilisha ekzosi ili isikike kabla haijaonekana. Nikaivua pia ile bamba ya chuma inayokinga sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa sababu ilimchelewesha fundi kila nilipobadilisha oili. Likumbukeni jambo hili.

Dar hadi Kigoma sitaisimulia. Ni lami, tochi za trafiki kwenye kila kibao cha 50, faini mbili, na vumbi la barabara iliyokuwa bado inajengwa kuelekea Kasulu. Mpaka wa Manyovu ukiuvuka unahama mkono: Tanzania kushoto, Burundi na Kongo kulia, na usukani wangu wa Kijapani ukabaki upande wa mtaro. Kulipita lori ilinibidi nimwulize abiria, na abiria wangu alikuwa begi la nguo. Nyanza-Lac, Rumonge, Bujumbura, ziwa likiwa kushoto njia nzima. Kisha Gatumba, kisha Kavimvira upande wa Kongo, ambako ofisi moja nisiyoitaja ilihitaji saa 4 kukubali kwamba namba ya injini ni ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Namba za injini iliyolala hazionekani kirahisi.

Uvira nililala. Asubuhi nikaanza Barabara ya Taifa namba 5 kwenda Baraka, kilomita 90 na ushei.

Kabla sijaondoka mjini nilijaza tangi kwa kadhafi. Hilo ndilo jina la wauza petroli wa kando ya barabara kote mashariki mwa Kongo: meza, chupa, mpira wa kunyonyea, chujio la kitambaa. Kadhafi wangu alikuwa binti wa shule mwenye hesabu kali, na petroli yake ilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Injini ya turbo ya Kijapani imetengenezwa kwa petroli ya daraja la juu. Ukiipa ya daraja la chini, au iliyotiwa mafuta ya taa, moto unawaka ndani kabla ya wakati wake, unasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, na pistoni zinatoboka. Dawa ni moja: usikanyage. Turbo yangu inaamka mshale ukikaribia 3,000. Nikajiwekea sheria kwamba sitavuka 2,500 hadi nirudi Bujumbura.

Nilikuwa na farasi 220, basi, na nikawafunga kamba wote. Hata hivyo barabara yenyewe ilikuwa imeshaamua. Upande mmoja mlima, upande mmoja ziwa, na katikati ukanda wa udongo mwekundu wenye mawe yaliyoshushwa na mito ya masika. Gia ya pili, gia ya kwanza, gia ya pili. Pikipiki zilinipita zikiwa na abiria watatu na godoro. Akina mama wenye mihogo kichwani walinipita nilipokuwa nachagua shimo, nikawapita, wakanipita tena kwenye daraja la mbao nilipokuwa nahesabu mbao. Mara ya tatu mmoja akaniambia, "Baba, ungetembea."

Makobola nilizima redio. Hapo, siku za kufungia mwaka 1998, watu wengi waliuawa katika vita, na ndugu zake mama wamo. Ekzosi yangu ikanguruma katikati ya kile kijiji kama mlevi aliyeingia msibani. Vijana wakageuka kushangilia, wazee wakageuka tu. Nilitamani nishuke nilisukume gari kwa mikono. Tangu siku hiyo sijaweka tena ekzosi ya kelele kwenye gari langu lolote.

Kilomita chache kabla ya Mboko nikasikia mgongano chini, mmoja, mkavu, kama jembe limegonga mwamba. Nikasimama. Jiwe lilikuwa la kawaida kabisa, ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na nyuma yangu mstari mweusi ulikuwa unakuja ukinifuata. Sampo ilikuwa imepasuka, ufa kama urefu wa kidole. Bamba ya kuikinga ilikuwa stoo kwangu, Dar es Salaam, imesimamishwa ukutani nyuma ya ngazi.

Vijana sita walinisukuma hadi Mboko, wakikataa kwanza pesa na kisha wakikubali. Ndipo nilipomkuta yule kwado. Alipomaliza kuishangaa injini alifanya kazi safi kuliko nyingi nilizolipia gereji zenye vigae. Aliimwaga oili iliyobaki ndani ya beseni na kuichuja kwa kitambaa, maana hakuna anayetupa oili huko. Akausugua ufa kwa kipande cha msasa anachotumia kwenye mipira ya baiskeli hadi chuma kikang'aa, akaupangusa kwa petroli, akaupangusa tena. Halafu akatoa gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa, akaikanda juu ya kifuniko cha bati kwa kijiti cha kibiriti, taratibu, akiilinganisha rangi. Akapaka, akabandika kipande cha kopo la maziwa, akapaka juu yake. "Sasa tulale," akasema. Nilidhani ni utani. Tulilala kweli, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kiti cha nyuma, hadi asubuhi gundi ikawa jiwe. Alinitoza dola 10 na kunipa ushauri wa bure: "Motokari yako iko chini sana. Utafika, lakini utafika na mawe."

Lusenda yenye kambi ya wakimbizi wa Burundi, Nundu. Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Baraka niliingia mchana, ghuba ikiwa tulivu, na ng'ambo yake rasi ya Ubwari imejinyoosha kama mamba anayeota jua. Soko lilikuwa limejaa, maboti ya Kigoma yakishusha mifuko. Nilikula bugali na sombe, nikachungulia chini ya gari. Kavu. Nikachungulia tena kabla ya kulala. Kavu.

Kutoka Baraka hadi Fizi ni kama kilomita 35, na baada ya Mutambala unaliacha ziwa na kuanza kupanda. Wageni wengi wakipanda huko wanataka kusikia habari za Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma na Wacuba wake Aprili 1965 na kuondoka Novemba, au habari za maficho ya Kabila mkubwa kule Hewa Bora. Mimi nilikuwa na habari moja tu ya kuulizia. Mjomba yupo? Na 404 je?

Mjomba alikuwapo. Alikuwa amekaa chini ya mwembe, kofia kichwani, na aliisikia Subaru muda mrefu kabla hajaiona, kama nilivyokusudia zamani nilipokuwa bado na akili za kukusudia hivyo. Hakuinuka. Alingoja nizime, akasema: "Mpwa wangu, ekzosi yako imetoboka."

Habari za 404 aliniambia baada ya kula. Vita vilipofika Oktoba 1996 petroli ilikuwa imekwisha, na familia ilishuka Baraka kwa miguu kutafuta boti. Kabla ya kufunga mlango mjomba alifungua boneti, akaitoa delko, kile kikombe cha kugawa moto kwa plagi, akaifunga kwenye kipande cha kitenge na kuitia mfukoni. Gari bila delko haliwaki, kwa hiyo halitaibwa. Aliivusha ziwa, akakaa nayo miaka karibu 10 katika kambi ya Lugufu, akarudi nayo 2006 kwa meli ya Mwongozo pamoja na wakimbizi wenzake. Alikuta gari halikuibwa, kama alivyopanga. Limechukuliwa kipande kimoja kimoja. Sanduku la nyuma analo mkazamjomba mpaka leo, anaanikia mihogo. Boneti ni paa la bata. Injini iliuzwa, haijulikani kwa nani, na kiti cha mbele kiko sebuleni kwa jirani, ambaye mjomba humtembelea na kukikalia.

Delko alinionyesha. Alikifunua kile kitenge polepole, akafungua kifuniko, na ndani palikuwa pasafi kama jana.

Nikampa funguo. Alikuwa na miaka 74 au 75, mwenyewe hana hakika. Aliingia kulia, akashangaa usukani kumfuata huko, akakanyaga klachi, na mkono wake wa kulia ukaenda moja kwa moja kwenye shingo ya usukani kutafuta gia. Ukakamata kijiti cha indiketa. Taa ikaanza kupepesa, tik, tik, tik, na yeye akakivuta tena, akingoja gari liingie namba moja. Nikamshika mkono wa kushoto nikauweka kwenye gia ya sakafuni. Hakusema kitu. Alizijaribu gia zote tano gari likiwa limesimama, mara mbili, kisha tukaondoka.

Nje ya Fizi kuna kipande kilichonyooka, mita kama 400, udongo mgumu uliolainishwa na kiangazi. Nilikuwa nimemweleza habari ya petroli ya kadhafi, mshale, 2,500, pistoni kutoboka. Alikuwa ameitikia kwa kichwa kila neno. Tulipofika pale alikanyaga hadi chini.

Kwanza hakikutokea kitu. Turbo inafanya kazi kwa moshi: moshi unaotoka unazungusha feni, feni inaishindilia injini hewa, na mpaka hayo yote yatokee unangoja. Tukangoja. Halafu mluzi, halafu kiti kikanisukuma mgongoni, kuku wakaruka, na katika safari yote ya kutoka Kigoma nikaona kwa mara ya kwanza mshale ukivuka 5,000. Niliitegea sikio injini isikike ikigonga kokoto. Sikusikia ila mjomba akicheka. Spidi ilikuwa 90. Akafunga breki kwa ustaarabu, taratibu, mapema, akalisimamisha gari kivulini na kuzima.

"Ina nguvu," akasema.

Nikanyamaza, maana kwake maneno mawili hayo ni hotuba.

"Lakini unaikanyaga, inafikiri kwanza. Peugeot haikuwa inafikiri." Akashuka, akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma na kupima kwa mkono. "Magunia mangapi?"

Nilimwambia manne. Aliniangalia kwa huruma. Tulikaa pale tukilinganisha injini: ile ya 404 ya lita 1.6 iliinamishwa nyuzi 45 ili boneti ikae chini, ya Subaru imelazwa kabisa. Mjomba alisema Wafaransa walijua kuinama kunatosha.

Wiki moja baadaye nilishuka na magunia mawili ya unga wa muhogo, madumu matatu ya mawese na kuku hai, gari limekaa nyuma kama mbwa. Mboko nilisimama kumwonyesha kwado kazi yake. Alilala tena chini, akagonga kiraka kwa kucha, akatoka na kunipungia nipite.

Forester niliiuza Oktoba ile ile kwa mtu wa Morogoro. Nilimwambia kila kitu: gasketi ya upande wa kushoto iliyobadilishwa, bamba niliyoirudisha, sampo iliyozibwa Mboko kwa gundi na kopo la maziwa. Alitandaza gazeti chini ya injini akaliacha usiku kucha. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu.